Uzi Chini ya Ngozi

Mlingotini nzima ilikubaliana kwamba Mwanamvua amepatwa na wazimu wa harusi. Posa ya binti yake, Lulu, ilipoletwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekaa kitako na kuweka masharti: mtoto amalize kwanza chuo cha uuguzi, afanye mitihani yake ya mwisho, apate cheti, ndipo yaje mambo ya hina na vigelegele. Washenga kutoka Bagamoyo mjini walikunywa kahawa yao wakaafiki. Wako walioguna, kwamba mama mkulima wa mwani anataka makuu, lakini Mwanamvua hakuwajali. Yeye aliishia darasa la nne, na kila alipomwona Lulu amevaa sare yake nyeupe alijiona kama naye amesoma.

Sasa, ghafla bin vuu, mama huyohuyo alitaka ndoa ifungwe kabla ya mwezi kuandama.

"Mama, mitihani iko mlangoni," Lulu alisema kwenye simu kutoka Dar es Salaam.

"Mitihani ipo kila mwaka."

"Na waume je? Hao hawapo kila mwaka?"

"Usinichimbe, Lulu. Nimesema Ijumaa uje, somo wako anakusubiri akuweke ndani akusinge liwa mwili mzima."

"Bwana harusi mwenyewe, Msabaha, hajasema ana haraka. Nani anayekimbizwa hapa?"

Mwanamvua akakata simu, akabaki akiitazama kama vile yenyewe ndiyo iliyouliza swali.

Aliyekimbizwa alikuwa yeye.

Ilianza na maumivu ubavuni mwa ziwa la kushoto, kama ya msuli ulioteguka. Hayo hayakumshughulisha; mwanamke wa mwani asiyeumwa mahali hajaingia baharini. Maumivu yalipopungua ukabaki uzi. Aliugusa kwa mara ya kwanza akioga: uzi mgumu chini ya ngozi, mwembamba kama mshipi wa kuvulia, ulioanzia karibu na kwapa, ukapita ubavuni mwa ziwa, ukateremka hadi kwenye mbavu. Akiinua mkono kujimwagia maji, uzi ulikazika na ngozi juu yake ikazama, ukatokea mfereji mrefu kama ule anaouacha samaki taa akiburura mkia kwenye mchanga. Akishusha mkono, mfereji ulifutika. Siku ile aliinua na kushusha, akainua na kushusha, mpaka mumewe akauliza kutoka uani kama amelala huko bafuni.

Mwanamvua alijua mambo mawili tu kuhusu ugonjwa wa ziwa, na yote alifundishwa na dada yake Nadhira, aliyekuwa ameolewa Pangani. La kwanza, kwamba unaua. La pili, kwamba hospitali ni mahali pa kwenda kuambiwa umechelewa. Nadhira aliuficha uvimbe wake chini ya kanga hadi harufu ilipomsaliti, na Mwanamvua ndiye aliyemwosha katika uhai, na ndiye aliyemwosha katika mauti. Mtu aliyeyaona hayo haoni uzi, anaona sanda.

Alijaribu kumdokeza bibi mmoja wa mitishamba kwamba "kuna mtu" ana uzi kifuani. Bibi akasema hilo ni chango limepanda, mtu huyo aje achanjwe. Mwanamvua akashukuru, akaondoka, na hakurudi. Nadhira naye alichanjwa.

Basi akapiga hesabu yake kimyakimya. Hakujua amebakiziwa muda gani, ila aliona unatosha jambo moja, nalo ni kumwona Lulu ameketi kitandani na hina miguuni, watu wakimtunza. Cheti kingemfaa nini mtoto asiye na mama wala mume? Kumwambia mumewe hakuweza. Sufiani alikuwa fundi cherehani, mtu mwema mwenye machozi ya karibu. Alilia hata jogoo wake alipogongwa na pikipiki. Akijua yeye, wangejua wote, na Lulu akijua asingekubali kuolewa huku mama yake yuko katika hali ile. Kwa hiyo Mwanamvua akafunga mdomo, akaikimbiza harusi.

Aliyemshika alikuwa Ashatu.

Ashatu alikuwa shoga yake na jirani yake wa shamba, maana mwani nao una mashamba: kamba ndefu zilizofungwa kwenye vigingi ndani ya bahari, na vitawi vya mwani vimefungwa juu yake kimoja kimoja. Zamani walilima karibu, maji ya magotini. Miaka hii maji ya kando yamekuwa ya moto, mwani unaozea kwenye kamba, na kina mama wamelazimika kuhamia penye kina, maji ya kiunoni na zaidi. Njia ya kurudi nao imekuwa ndefu. Asiye na ngalawa huujaza kwenye kiroba, akakifunga kamba, akaivaa kamba begani na kukivuta kiroba kikielea nyuma, yeye mbele kama punda wa mkokoteni.

Siku hiyo walikuwa wakianika mwani kwenye vichanja. Ashatu alikuwa amemkodolea macho kwa muda.

"Kwa nini unatandaza kwa mkono mmoja?"

"Wa pili umechoka."

"Umechoka tangu bamvua lililopita? Mkono gani huo unaochukua likizo kama mtumishi wa serikali?"

"Ashatu, anika mwani wako."

"Inua huo mkono nikuone."

"Sitaki."

"Inua, au nimwite Sufiani aje akuinue yeye."

Mwanamvua akatazama huku na huko. Wenzao walikuwa mbali, wakicheka mambo yao. Akamshika Ashatu mkono, akamwingiza kwenye banda la kuhifadhia mwani mkavu, akalegeza kanga, akainua mkono. Ashatu alitazama ule mfereji ukijichora kwenye ngozi, akaufuata kwa macho hadi kwenye mbavu.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Kabla sijaanza habari za harusi."

Ashatu akakaa juu ya kiroba. "Lahaula! Kumbe ndiyo harusi yenyewe."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nini, kwani mimi daktari? Kesho tunakwenda hospitali."

"Wataniambia nimechelewa."

"Basi tukaambiwe. Ukiwa umechelewa utarudi umwozeshe binti yako, harusi ipo palepale. Na kama hukuchelewa je? Utamwangaliaje Lulu usoni, umemtoa chuoni kwa kitu hujakijua jina?"

Mwanamvua alifunga kanga yake, wakatoka wakaendelea kuanika.

Kesho yake Sufiani aliambiwa kwamba wanakwenda Bagamoyo kununua kamba. Hakuuliza kwa nini mtu anayekwenda kununua kamba amevaa baibui lake la Idi.

Hospitalini walikaa kwenye benchi, Ashatu akisema yeye peke yake kwa niaba ya wote wawili. Mwanamvua alikuwa akimwomba Mungu daktari asiwe mwanamume, na asiwe mtu wa kwao. Dua ilipokelewa nusu. Daktari alikuwa mwanamke, lakini alipotaja jina lake, Naila, na mtaa wa kwao, Mwanamvua aligundua kwamba Sufiani aliwahi kumshonea mama wa daktari huyo nguo ya sherehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mwanamvua alijibu, na moyo ukamshuka zaidi. Kumbe atakayempa habari ya kifo ni mtoto aliyemzidi Lulu kidogo tu.

Dokta Naila hakumharakisha. Alimsikiliza habari ya uzi, akamsikiliza habari ya Nadhira mpaka mwisho, ndipo akaanza maswali. Chuchu imetoa maji au damu? Imezama ndani? Ngozi imewahi kuwa nyekundu, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa? Kuna gololi yoyote kwapani? Kisha akampapasa kwa vidole bapa, ziwa la kulia kwanza, halafu la kushoto, halafu makwapa na juu ya mitulinga, taratibu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Sasa inua mkono, mama."

Mfereji ukatokea. Mwanamvua alimkazia macho daktari, maana uso wa daktari ndio barua ya mgonjwa. Hakuona huzuni. Aliona nyusi zimepanda, kama za mtu aliyekutana sokoni na mtu ambaye siku zote alimjua kwa picha tu.

"Usishushe. Subiri hivyohivyo." Daktari akavuta ngozi kidogo juu na chini, uzi ukajitokeza wote. "Uligongwa hapa?"

"Hapana."

"Umefanyiwa upasuaji wowote kifuani?"

"Hapana."

"Unavaa sidiria ya kubana sana?"

Ashatu, aliyekaa pembeni baada ya kuapa kwamba atanyamaza, alishindwa. "Sidiria, Daktari? Baharini? Tumwonyeshe pweza?"

Daktari akageuka. "Kwani mnafanya kazi gani?"

"Mwani."

"Na huo mwani mnautoaje baharini?"

Mwanamvua akajaribu kueleza. Kamba inapita hapa, inakuja hivi, kiroba kinabaki kule nyuma. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona haieleweki.

"Nionyeshe," alisema Dokta Naila.

Basi Mwanamvua akajifunga kanga kama anavyojifunga akiingia majini. Wenzake hujifunga kibwebwe kiunoni. Yeye, kwa kuwa kamba ilimkwaruza, alikuwa na utundu wake mwenyewe: alikipandisha kibwebwe kifuani, akakizungusha juu ya maziwa yote mawili kiwe godoro la kamba, akakikaza kwa pumzi mbili, na kila maji yalipokilegeza alikikaza tena. Ashatu akaisokota kanga yake mwenyewe ikawa kamba, akamvisha shoga yake kitanzi bega la kushoto, kama mkoba wa mtoto wa shule, kikashuka mbele ya kwapa, kikapita ubavuni mwa ziwa na kurudi nyuma. Kisha akaenda nyuma akakishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye kiroba," alisema. "Vuta."

Mwanamvua akainama, akavuta. Ashatu, mwanamke wa haja, akajikita. Kiti kikaburuzika, muuguzi akachungulia mlangoni kwa mshangao.

"Kuna nini humu?"

"Tunavuna," alijibu Dokta Naila, bila kucheka.

Walipofungua, kanga iliyosokotwa ilikuwa imeacha alama nyekundu kwenye ngozi, kutoka kwapani kuteremka. Daktari akaweka kidole juu ya alama, akakipitisha polepole hadi chini. Uzi ulikuwa pale pale chini ya kidole, mwanzo hadi mwisho.

"Mama, kaa. Nadhani ninakijua hiki kitu." Akavuta kiti chake karibu. "Chini ya ngozi kuna vimishipa vidogo vya damu, vya juujuu. Kimoja chako kimebanwa na kuburuzwa siku baada ya siku. Damu ndani yake ikaganda, mshipa ukavimba, na hapo ndipo ulipokuwa unaumia. Sasa uvimbe umetulia, mshipa umekakamaa, umebaki uzi. Si jambo la kila siku. Mimi mwenyewe nimelisoma zaidi kuliko nilivyoliona. Linaitwa ugonjwa wa Mondor."

"Mondo?" Ashatu akaruka. "Yule paka wa porini anayemaliza kuku?"

"Si huyo. Ni jina la daktari wa Kifaransa wa zamani aliyeueleza. Huu haumalizi kuku wala mtu."

Mwanamvua alisikia maneno lakini hayakumwingia. Aliwahi kusikia Nadhira akiambiwa maneno laini.

Daktari kama aliyemsoma. "Lakini sitaki uondoke hapa na neno 'nadhani'. Dada yako amefariki kwa ugonjwa wa titi, na umri wako ni wa kuangaliwa. Twende tukapige altrasaundi, titi lote na kwapa."

Kwenye chumba cha kipimo walimpaka mafuta ya baridi. Mwanamvua akageuza uso ukutani, akaanza kusoma Ayatul Kursi, na alipofika katikati akasahau, akaanza tena, akasahau palepale. Nyuma yake alisikia sauti ya Dokta Naila akizungumza na mpimaji.

"Huu hapa mshipa wenyewe. Mama, geuka utazame. Unauona huu mstari mweusi wenye mafundo kama shanga? Damu haipiti. Ndio uzi wako."

"Na huko kwingine?" Mwanamvua akauliza.

"Huku ni nyama ya titi, salama. Huku nako salama. Hapa chini, salama. Kwapani, salama."

Neno hilo lilisemwa mara nyingi hata likaanza kumwingia, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye mchanga mkavu.

"Si saratani?" aliuliza.

"Si saratani, mama. Na huu haugeuki kuwa saratani."

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, sote tutakufa. Ila kwa huu, hapana."

Akampa maelekezo: kitambaa cha maji ya uvuguvugu, vidonge vya maumivu kama yatarudi, kifua kisibanwe, na kamba isiguse tena pale. Uzi wenyewe ungeyeyuka baada ya wiki kadhaa. Hata ukiisha arudi aonekane, na kwa ajili ya habari ya dada yake atapangiwa pia kipimo cha picha ya matiti huko Dar es Salaam, kwa usalama tu.

"Na jambo moja, mama," alisema wakiwa wamesimama mlangoni. "Si kila kitu kwenye titi ni kile cha dada yako. Lakini hukukijua, wala mimi nisingekijua kwa kukisikia tu. Siku nyingine kilete kwanza hapa. Wasiwasi uufanye baadaye."

Nje ya geti Mwanamvua alisimama, akashika ukuta, akalia. Alilia vizuri, bila kujificha, mpaka mwenye bajaji akauliza kama wamefiwa.

"Tumefufuliwa," Ashatu akamjibu. "Endelea na safari yako."

Kisha Mwanamvua akahisi njaa, njaa aliyokuwa ameisahau tangu siku ile ya bafuni. Wakakaa kwenye kibanda cha mama lishe, akala wali na samaki wa nazi, akaagiza tena, na Ashatu akamtazama akila kama anayetazama mpira. Alipokuwa anachambua mwiba wa mwisho ndipo mkono ukasimama hewani.

"Ashatu. Harusi."

"Nilikuwa nangoja ule kwanza," alisema Ashatu. "Maana kuna jambo sikuwahi kukuambia. Unajua watu wanasemaje?"

"Kwamba nina wazimu."

"Hao ni wapole. Wengine wanasema Lulu ana mimba."

Mwanamvua akanawa mikono, akasimama. Wala hakuuliza ni kina nani. Alijua kwamba neno la namna ile likishafika Mlingotini, limekwisha kupita Bagamoyo. Na Bagamoyo, hatua chache kutoka kibanda kile, ndiko aliko Bi Hija, mama yake Msabaha.

Nyumba ya Bi Hija ilikuwa ya ukoo, katika mji wa kale, kubwa kwa jina kuliko kwa bati. Walimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, dada Hija."

"Marahaba, Mwanamvua. Karibuni. Leo umekuja kupunguza siku ngapi? Maana kila ukija zinapungua."

"Nimekuja kuomba tuirudishe harusi pale tulipoiweka mwanzo. Baada ya mitihani."

Bi Hija akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache yaliyopimwa.

"Mwanamvua, mimi mtu mzima. Harusi ya mbio huwa ina sababu, na sababu yenyewe huja kulia baada ya miezi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mwanangu anampenda binti yako. Leo unaniambia haraka hakuna tena. Nifahamu nini? Sababu imeharibika?"

Ashatu akavuta pumzi kwa sauti. Mwanamvua alihisi damu inampanda kichwani. Maneno ya kumrudishia alikuwa nayo, tena makali. Hakuna mwanamke wa pwani anayekosa. Lakini tusi lisingemsafisha Lulu. Kilichoweza kumsafisha kilikuwa kimoja, nacho ni kile ambacho yeye alikuwa radhi afe kuliko kukitamka. Mama wa bwana harusi haonyeshwi hata bega, sembuse kifua.

"Dada Hija, twende ndani. Funga na mlango."

Huko ndani akamweleza yote: uzi, Nadhira, hesabu ya siku za mwisho, bibi wa mitishamba, Dokta Naila, mshipa ulioganda. Alipoona uso wa Bi Hija bado una shaka, akavua baibui, akalegeza kanga, akainua mkono.

Bi Hija alitazama. "Unaumia?"

"Sasa hapana."

"Niguse?"

"Gusa."

Kidole chenye pete ya fedha kikapita juu ya ule uzi kwa adabu, kama kinachogusa utosi wa mtoto mchanga. Bi Hija akaketi kitandani, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Astaghfirullah. Nimemsingizia mtoto wa watu."

"Mlango wa maneno nimeufungua mimi, dada. Mwenye kukimbia bila kusema, watu humsemea."

"Lakini Mwanamvua, hata mimi! Ungeniambia mimi!"

"Wewe ungeniambia?"

Bi Hija akafikiri kweli. "Hata kidogo," akakiri, na mabega yakaanza kumtikisika, na Mwanamvua akashtuka akidhani analia, kumbe anacheka. "Na unajua mimi nimelala vipi wiki hizi? Chumba cha Msabaha hakijaezekwa! Mafundi wamenikimbia, nikaona aibu kusema, nikajua mtadhani tumeishiwa. Nilikuwa napanga maharusi walale sebuleni na kuku wanaoatamia."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nimekuwa nikiomba Mungu akuzuie. Sikuwa na maana akuzuie kwa ziwa!"

Wakacheka wote watatu mpaka Bi Hija akadai maji. Walipoondoka, aliwasindikiza hadi barabarani mchana kweupe, akamshika Mwanamvua mkono mbele za watu, akasema kwa sauti ambayo majirani hawakupata tabu kuisikia kwamba Lulu ni mtoto mwenye akili, na kwamba yeye, Bi Hija, hakubali mkwe wake akose mitihani kwa sababu ya pilau.

Sufiani aliambiwa jioni ileile. Alilia, kama ilivyotarajiwa. Alilia kwanza kwa hofu, kisha kwa furaha, kisha kwa hasira ya kufichwa, na katikati ya hayo yote akawa amekwisha kuchukua futi yake na kumpima mkewe nyonga. Kesho yake alishona mkanda mpana wa turubai, wenye pedi ndani na pete mbili za chuma nyuma za kufungia kamba, ili kiroba kivutwe kwa nyonga na kifua kiachwe kipumue. Ashatu akaujaribu majini, akarudi akisema anautaka na wake, tena wenye mfuko wa tambuu. Hazikupita siku nyingi cherehani ya Sufiani ilikuwa haishoni kitu kingine.

Lulu alifika Ijumaa na begi lake na uso uliofungwa kama duka la aliyefilisika. Aliamkia, akaketi jikoni kwenye kibao cha mbuzi, akangoja kuambiwa somo anaanza lini. Mwanamvua alikuwa ameteleka wali. Akaufunika, akakaa mbele ya binti yake, akamwambia.

Lulu alikwenda kunawa mikono, akarudi, akamwambia mama yake ageukie mwangaza. Akampapasa kwa vidole bapa, la kulia kwanza. Akauliza chuchu, akauliza ngozi, akauliza kwapa, maswali yaleyale kwa mpango uleule, na Mwanamvua akayajibu yote kwa utii. Kidole kilipofika kwenye uzi kikasimama, kikaufuata hadi mwisho. Tayari ulikuwa umeanza kulainika.

"Mondor," alisema Lulu, polepole.

"Unamjua?"

"Tulisoma. Mistari miwili tu, kwenye ukurasa wa mwisho." Hapo ndipo uuguzi ulipomwisha, akabaki mtoto. Machozi yakamtoka. "Mama! Ungekufa huku mimi niko ndani nasingwa liwa?"

"Ndivyo nilivyopanga."

"Mpango gani huo!"

"Wa mtu mwenye hofu. Nisamehe, mwanangu. Bi Hija ameshakubali. Kesho urudi chuoni. Harusi baada ya mitihani."

Lulu akajifuta uso kwa upindo wa kanga ya mama yake. "Baada ya matokeo."

"Haya, matokeo."

"Na baada ya kupangiwa kituo cha kazi."

"Lulu! Hapo sasa unanionea. Msabaha atazeeka."

"Si daktari kasema una muda?"

"Daktari kasema sifi. Hakusema nikae bila wajukuu."

"Wajukuu tena?" Sufiani alisema kutoka barazani, cherehani ikinyamaza. "Jamani, si tulikuwa kwenye mitihani?"

"Wewe shona," walimjibu wote wawili kwa pamoja, wakarudi kwenye mabishano yao: kituo kiwe wapi, Lulu akipelekwa mbali mume atamfuataje, na kama mwaka mmoja ni mwingi au ni mchache. Wali ukaanza kunukia ukoko. Waliusikia wote, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuepua.